Emotion ya Papa Wemba: Sifa za Ulaya na Mshangao wa Nyumbani

Mwaka 1995 kampuni ya Real World, iliyoanzishwa na Peter Gabriel huko Uingereza, ilitoa albamu ya Papa Wemba iitwayo Emotion. Kazi ya studio ilisimamiwa na Stephen Hague, Mmarekani aliyekwisha kujulikana kwa kazi yake na vikundi vya Pet Shop Boys na New Order. Wahakiki wa Ulaya waliipokea albamu hiyo kwa sifa nyingi. Nyumbani, wapenzi wengi wa muziki waliisikiliza mpaka mwisho wakabaki wakiuliza: sebene i wapi?

Swali hilo si la mzaha. Wimbo wa Kikongo wa miaka ile ulikuwa na vyumba viwili chini ya paa moja. Hutangulia maneno, yakiimbwa polepole. Kisha magitaa hushika njia, atalaku hupaza sauti, na watu huinuka kucheza. Wimbo waweza kuchukua dakika nane au zaidi, na msikilizaji hukaa katika chumba cha kwanza kama mgeni angojeaye bukari huku harufu ya kitoweo ikimfikia. Katika Emotion nyimbo ni fupi. Nyingi huisha karibu na pale ambapo mchezaji angeinuka kitini.

Jibu lililo jepesi ni kwamba Papa Wemba aliwauzia Wazungu muziki wake. Jibu hilo halitoshi, maana Viva La Musica, kikundi alichokiunda mwaka 1977, hakikuvunjwa kwa ajili ya Emotion. Kiliendelea kuwapa watu wa nyumbani walichokitaka. Mwenye kiu ya sebene alijua kisima kilipo. Jibu la upande wa pili ni baya zaidi: eti msikilizaji wa nyumbani hana sikio la kupokea jambo jipya. Umma huu ndio ulioipokea Zaiko Langa Langa, iliyozaliwa mwishoni mwa mwaka 1969 Papa Wemba akiwa mmoja wa waimbaji wake, ikaacha tarumbeta za wazee na kuyaachia magitaa na ngoma uwanja wote. Umma wa namna hiyo hauwezi kuambiwa kwamba unaogopa mageuzi.

Tofauti iko katika kinachosikilizwa. Ulaya ilisikiliza sauti. Kinshasa ilingojea magitaa. Tena si mara ya kwanza wimbo kusifiwa ugenini kwa sehemu yake moja tu. Masanga ya Mwenda Jean Bosco, iliyorekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 mjini Jadotville, yaani Likasi ya leo, ilivuka bahari kwa ajili ya vidole vya mpiga gitaa. Kiswahili chake kilibaki nyuma. (Na wako watu wa Lubumbashi wanaofurahia nyimbo za Kilingala bila kukamata kila neno.)

Sauti hiyo, hata hivyo, ina asili yake. Papa Wemba alizaliwa Lubefu, katika Sankuru, mwaka 1949, na mama yake alikuwa mwimbaji wa maombolezo ambaye mwana alimfuata misibani. Katika Awa Y'Okeyi, ambamo ala zimepunguzwa sana, sauti inapanda peke yake, inasita, inashuka kama ya mtu anayemwita aliyekwisha kwenda. Magitaa matatu yangeifunika. Hapa Hague alifanya kazi njema, pengine kuliko alivyojua: kwa kuondoa cha Matonge alifunua cha Sankuru. Anayesema kwamba hakuna Kongo katika wimbo huu ameitafuta Kongo katika mtaa mmoja tu.

Lakini si kila wimbo unastahili utetezi huo. Fa-Fa-Fa-Fa-Fa, ulioimbwa na Otis Redding mwaka 1966, umeingizwa katika albamu hii kama pasipoti. Kosa haliko katika kuimba wimbo wa Kimarekani. Kijana aliyewahi kuitwa Jules Presley alikuwa na haki ya kurudi kwenye mapenzi yake ya zamani. Kosa liko katika mpango wa ala. Redding aliimba akishindana na tarumbeta, akizivuta nazo zikimvuta. Kwa Papa Wemba kila kitu kimelainishwa, sauti haina wa kugombana naye, na ule uchungu uliotajwa katika jina la wimbo hauonekani. Wahakiki walioisifu albamu nzima bila kutenga Awa Y'Okeyi na wimbo huu waliwapa wasikilizaji wa Kinshasa sababu nzuri ya kutowaamini. Msikilizaji wa Viva La Musica angeutambua upungufu huo mara moja: katika kikundi kile mwimbaji hubishana na mwimbaji mwenzake, na gitaa hujibu gitaa.