Maana Iliyofichika Katika Majina ya Majitu ya Chuma

Jina si pambo tu. Mtoto aitwaye Otieno alizaliwa usiku, na aitwaye Nafula alizaliwa wakati wa mvua. Watu wanaomwita kila siku waweza kuisahau saa ile, lakini jina lake halisahau. Hali ni hiyo hiyo katika hadithi. Mtungaji anapompa mhusika wake jina, mara nyingi humkabidhi msomaji ufunguo; naye msomaji asiyejali huutia mfukoni, kisha akalalamika kwamba mlango haufunguki.

Katika insha hii nataka kuyachunguza majina ya majitu ya chuma yaliyomo katika filamu za michoro za Kijapani, ziitwazo anime. Najua wako watu wazima watakaokunja nyuso na kuuliza ni faida gani ipatikanayo katika michezo ya watoto. Mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wao. Mwaka mmoja mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu aliandika katika insha yake kwamba Evangelion, jina la filamu mojawapo ya aina hii, na Injili, neno letu la Kiswahili, asili yake ni moja. Nilicheka, nikapiga mstari mwekundu, nikaandika pembeni, "Umebuni," na alama nikampunguzia. Jioni moyo ulinisuta. Nilifungua kamusi, nikaona kwamba kijana alisema kweli na mwalimu wake alikuwa na kiburi. Kesho yake nilimrudishia alama zake mbele ya wenzake. Lakini katika ukurasa wa pili wa insha ile ile alikuwa ameandika kwamba kila msalaba uonekanao katika filamu hiyo ni mahubiri. Na hapo, kama tutakavyoona, hakusema kweli. Tangu siku hiyo swali moja halijaniachia: msomaji atajuaje mahali maana ya jina inapokoma, na mahali ubunifu wake mwenyewe unapoanza?

Kipimo changu ni hiki: maana ya jina iaminiwe ikiwa hadithi yenyewe inaifanyia kazi. Neno likifanana na neno jingine kwa sauti tu, na hadithi isitoe ushahidi, hiyo ni sadfa, wala haifai kuitwa maana. Na tukipime kipimo hiki kwa mifano.

Tuanze na babu wa majitu haya. Mwaka 1956 Mitsuteru Yokoyama alianza kuchora hadithi ya Tetsujin 28-go katika gazeti la vijana, na mwaka 1963 ikaonyeshwa katika televisheni. Tetsu ni chuma, jin ni mtu, na go inayofuata tarakimu ni alama ya namba. Basi jina zima ni Mtu wa Chuma Namba 28. Kwa nini apewe namba? Katika hadithi, jitu hili ni moja katika mfululizo wa silaha za siri zilizobuniwa kwa ajili ya jeshi la Japani wakati wa Vita Kuu vya Pili. Vita vilikwisha, na jitu likaangukia mikononi mwa mtoto, Shotaro Kaneda, ambaye baba yake alikuwa mtaalamu wa kazi hiyo. Yokoyama alizaliwa Kobe mwaka 1934. Wakati wa vita alihamishiwa mbali na mji wake, na aliporudi mwaka 1945 aliukuta umekuwa majivu kwa mabomu ya ndege za Marekani ziitwazo B-29. Angalia kwamba ndege ile nayo ilijulikana kwa namba. Mtoto hupewa jina. Silaha hupewa namba. Jina la Tetsujin 28-go limeyafunga yote mawili pamoja: nusu ya kwanza yasema "mtu," nusu ya pili yasema "silaha." Na hadithi yatoa ushahidi wake, maana jitu hili halina akili wala dhamiri. Lamtii yeyote akishikaye chombo cha kuliongozea. Kikiwa mikononi mwa mtoto mwema, lalinda mji; kikiibwa na mwovu, laubomoa mji ule ule. Hapa kipimo chetu kimejibu ndiyo.

Mwaka 1972 Go Nagai alitoa Mazinger Z. Jitu hili haliongozwi kutoka mbali. Rubani wake huketi ndani ya kichwa chake. Jina lake limejengwa juu ya neno la Kijapani majin. Mwanafunzi wa Kiswahili akilisikia ataruka kitini: "Mwalimu, hao ni majini!" Asiwe na haraka. Jini letu limetoka katika Kiarabu, na ma- iliyo mbele yake ni alama yetu ya wingi. Majin ya Wajapani imeandikwa kwa alama mbili za maandishi yao: ya kwanza ni pepo mwovu, ya pili ni mungu. Maneno haya ni kama wasafiri wawili waliokutana stesheni wamevaa kanzu za rangi moja. Hawana ujamaa hata kidogo. Tena jin hii siyo ile ya Tetsujin. Ile ni mtu, hii ni mungu. Sauti ni moja, lakini alama za kuandikia ni mbalimbali. Kwa hiyo sikio peke yake si shahidi wa kutegemewa.

Sasa tuiulize hadithi. Mzee Juzo Kabuto, aliyeliunda jitu hilo, alimkabidhi mjukuu wake Koji wakati wa kufa kwake, akamwambia kwamba kwa nguvu zake ataweza kuwa mungu au kuwa ibilisi, kwa hiari yake. Hayo ndiyo maneno mawili yaliyoandikwa katika jina! Mtungaji hakuificha maana mbali, aliiweka kizingitini. Hata jina la ukoo lina kazi yake. Kabuto ni kofia ya chuma ya askari wa Kijapani wa kale; na Koji huliongoza jitu kwa kurusha chombo kidogo kinachotua juu ya kichwa chake kikawa sehemu yake. Mtu aitwaye Kofia ya Vita ndiye anayekaa mahali pa kofia. Chuma hakichagui baina ya wema na ubaya. Achaguaye ni yule aliye kichwani.

Jina la tatu lina historia ndefu zaidi. Gundam, filamu iliyoongozwa na Yoshiyuki Tomino, ilianza kuonyeshwa mwaka 1979. Ilipokuwa bado ikitengenezwa, ilikusudiwa kuitwa kwa jina la Kiingereza lenye maana ya Kijana wa Bunduki, mpigania uhuru. Neno gun, yaani bunduki, liliungwa na mkia wa neno freedom, yaani uhuru, likapatikana Gundom. Kisha Tomino akaigeuza sauti ya mwisho ikawa dam, neno la Kiingereza la ukuta uzuiao maji, ili jina lidokeze silaha inayozuia adui kama boma lizuiavyo gharika.

Je, hadithi yaifanyia kazi maana hiyo? Nasema ndiyo, na kwa namna ya kuhuzunisha. Vita vya Gundam vimekwisha ua nusu ya wanadamu. Rubani ni Amuro Ray, kijana wa miaka 15, ambaye hakuomba kuwa askari. Kazi ya jitu lake ni kuilinda merikebu iliyojaa wakimbizi. Hapo boma laonekana waziwazi. Lakini uhuru uko wapi? Wanaodai kupigania uhuru ni wale wa upande wa pili, nao ndio walioanza mauaji makubwa. Litazame jina tena: bunduki imebaki nzima, lakini uhuru umebakiwa na mkia tu, na mkia wenyewe umebadilishwa. Sisemi kwamba Tomino alikusudia hesabu hiyo. Hilo ni neno langu, nami nalitoa kwa jina langu. Mhakiki aweza kuona jambo ambalo mtungaji hakulitamka, maadamu analitaja kuwa ni lake na hadithi haimkanushi.

Nisije nikamfanya msomaji adhani kwamba kila jina ni kisima chenye maji, nitataja Macross, filamu ya mwaka 1982. Jina hili ni la merikebu kubwa mno ya angani iwezayo kujigeuza ikawa jitu. Wachoraji walikuwa na jina lao jingine, Megaroad. Lakini kiongozi wa kampuni iliyodhamini kazi alimpenda sana Shakespeare, akataka filamu iitwe Macbeth. Wakajadiliana, na mwisho wakakubaliana Macross, ambalo kwa matamshi ya Kijapani lakaribiana sana na Macbeth. Mwanafunzi aliyesoma tamthilia hiyo aweza kutumia wiki nzima akiwatafuta wachawi watatu na mfalme aliyeuawa usingizini ndani ya merikebu ile, asiwapate. Jina hili halifichi kitu ila matakwa ya mwenye fedha. Na hiyo nayo ni maarifa: ukiona vyaelea, vimeundwa, na waundaji si washairi peke yao.

Sasa twaweza kumrudia mwanafunzi wangu. Evangelion ya Hideaki Anno ilionyeshwa kuanzia Oktoba 1995 hadi Machi 1996, katika sehemu 26. Neno lenyewe ni la Kiyunani, na maana yake ni habari njema. Kutoka Kiyunani neno hilo lilisafiri likaingia katika Kiarabu likawa Injil, na Kiarabu kikatupa sisi Injili. Kwa hiyo kijana wa Kenya alipoliona jina lile alikuwa na ufunguo nyumbani kwake. Lakini majitu ya filamu hiyo huitwa kwa ufupi Eva, na hilo ndilo jina la Hawa katika lugha nyingi za Ulaya. Katika Kitabu cha Mwanzo Hawa ni mama wa wote walio hai. Hadithi inapoendelea, mtazamaji hugundua kwamba ndani ya jitu liongozwalo na Shinji, mtoto wa miaka 14, imo roho ya mama yake aliyetoweka zamani. Yule mtoto alidhani ameingia ndani ya silaha, kumbe amerudi tumboni mwa mama. Jina lilikuwa limetoa siri tangu sehemu ya kwanza, na sisi hatukusikia.

Hapo mwanafunzi alikuwa na haki kamili. Aliteleza alipoigeuza misalaba kuwa mahubiri. Kazuya Tsurumaki, msaidizi wa mwongozaji, alikwisha eleza kwamba alama za Kikristo zilichaguliwa kwa sababu zilipendeza macho na zilikuwa ngeni kwa Wajapani, wala hazikutiwa kwa kusudi la kufundisha dini. Na hata kama asingesema, hadithi yenyewe yatosha: misalaba huonekana katika milipuko, ikapita, bila ya mhusika yeyote kubadilishwa nayo. Basi katika filamu moja tuna jina linalofanya kazi na alama zinazopamba tu. Mwenye kuzikubali zote bila kupima amekosa, na mwenye kuzikataa zote amekosa vile vile. Mimi nilikuwa katika kundi la pili.

Limebaki jambo moja, nalo ni zito. Majina haya yalipovuka bahari, mengi yalibadilishwa. Simba watano wa filamu ya mwaka 1981 waliungana wakawa jitu liitwalo GoLion, na go hapa ni tano. Marekani mwaka 1984 likaitwa Voltron, na hesabu ya simba ikatoka katika jina. Grendizer ya mwaka 1975 ilipofika Ufaransa mwaka 1978 iliitwa Goldorak, jina lililoungwa kutoka Goldfinger, adui wa James Bond, na Mandrake, mchawi wa katuni za magazeti. Hasara ya mabadiliko hayo ni ndogo. Lakini Tetsujin 28-go iliingia Marekani mwaka 1966 ikiitwa Gigantor, jina lisemalo ukubwa tu. Hadithi ilihamishiwa mwaka 2000, na Shotaro akaitwa Jimmy Sparks. Namba ilipofutwa, vita vilifutwa. Na vita vilipofutwa, majivu ya Kobe yalifutwa nayo. Watoto wa Marekani walilipenda jitu hilo, wala hawakujua lilikotoka.

Watu wa Kobe hawakusahau. Mji wao ulibomolewa tena na tetemeko la ardhi mwezi wa Januari 1995, na mwaka 2009 wakasimamisha katika mtaa wa Nagata sanamu ya jitu hilo, yenye kimo cha zaidi ya mita 15, kuwa ishara ya mji unaoinuka. Wanaliita kwa jina lake la kwanza, pamoja na namba yake.

Basi, kijana msomaji, ukutanapo na jina lolote katika hadithi, iwe ni ya majitu au ya wanadamu, jiulize mambo matatu. Neno hili lina maana gani katika lugha yake lenyewe, si katika sikio lako? Hadithi yaifanyia kazi maana hiyo mahali gani? Na ni lipi lililopotea, ikiwa jina limebadilishwa? Ukipata majibu, yaandike bila hofu, hata kama mwalimu wako ana kalamu nyekundu mkononi. Ukiwa na ushahidi, ni yeye atakayelazimika kufungua kamusi.