Mkongo, Uzi na Waya

Tangu mwaka 2009, Serikali ya Tanzania ilipoanza kujenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, neno mkongo limekwisha kuenea katika hotuba, magazeti na mafunzo ya ufundi. Wengine huandika mkonga. Sikusudii kulibeza neno hili, bali kulipima. Na istilahi hupimwa kwa kazi yake: je, yamwonyesha mwanafunzi kitu chenyewe?

Tumchukue mwanafunzi wa Kinjumbi, katika wilaya ya Kilwa. Kwao mkongo ni mti wa mbao, uotao msitu mmoja na mpingo. Mkonga ni pua ya tembo. Mkonge, uliopata kulimwa sana Kikwetu karibu na Lindi, ndio pekee katika hayo matatu wenye nyuzi ndani yake. Irabu moja ya mwisho yamtoa msomaji kwenye mti, ikampeleka kwa mnyama, kisha kwenye katani.

Hata hivyo ila kubwa si hiyo, kwani lugha zote hulibebesha neno la kale maana mpya. Ila kubwa ni kuwa mkongo lataja ganda, wala halitaji kilichomo. Ndani ya ganda mna nyuzi za kioo, kila uzi unene wake mikromita 125, yaani thumni ya milimita. Katika nyuzi za masafa marefu, kiini kipitacho mwanga ni mikromita 9 hivi. Kioo cha kiini hupinda mwanga kuliko kile kikizungukacho. Basi mwanga ugongapo mpaka wao kwa mshazari hurudi ndani, ukaendelea na safari.

Waya wa shaba huchukua umeme. Ule wa kuunganishia kompyuta nyumbani na ofisini una nyaya nane katika jozi nne, nao kwa kawaida haupitishwi mita 100. Jozi hizo husokotwa ili kupunguza mwingiliano wa mawimbi. Aandikaye kuwa zimesukwa akosea: mkeka na nywele husukwa, kamba husokotwa.

Vyote viwili vikiitwa waya, au vyote mkongo, fundi hapati onyo. Uzi wa kioo ukikunjwa mno huvuja mwanga; na ncha yake haifai kuchunguliwa, maana mwanga ule hauonekani, nao waweza kudhuru jicho.

Kadhalika neno kiunganishi, ambalo sisi wa sarufi tulikwisha kulitwaa. Katika shaba, chuma kikigusana na chuma yatosha. Katika kioo, nyuso mbili hazina budi kukabiliana sawasawa, na chembe ya vumbi yaweza kukiziba kiini. Kichwa cha kijani, kilichokatwa kwa mshazari wa digrii 8, hakichomekwi pamoja na cha buluu. Kwa hiyo kichwa cha uzi ni jina lifaalo zaidi, kwani lamwelekeza fundi kwenye uso wa kusafishwa.

Mkongo na libaki kwa njia kuu nzima. Mwezi Mei 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilipokatika na intaneti ikafifia nchini, neno lilitosha, kwa kuwa habari ilikuwa ya njia. Lakini katika mafunzo ya ufundi tuseme uzi wa kioo, waya wa shaba na kichwa cha uzi. Maneno haya mwanafunzi wa Kinjumbi anayo tayari.