Uhakiki wa Istilahi za Filamu ya Slaidi na Picha za Stereo

Anayeanza kujifunza upigaji wa picha za stereo hushauriwa atumie filamu ya slaidi ya ISO 100, kwa kuwa chembe zake ni ndogo na slaidi hutazamwa kwa lenzi zinazokuza. Ushauri huo ni mwema. Lakini baadhi ya istilahi zinazotumiwa kuueleza kwa Kiswahili humpotosha mwanafunzi. Tunazihakiki tatu.

Ya kwanza ni "picha za pande tatu". Umbo la pande tatu ni pembetatu, ilhali hapa pana picha mbili, zilizopigwa kutoka mahali pawili palipoachana kiasi cha milimita 65, kama yalivyoachana macho ya mtu. Kila jicho huoneshwa picha yake, na ubongo huziunganisha zikapata kina, kama alivyoeleza Charles Wheatstone mwaka 1838. Neno "stereo" nalo limekwisha kutwaliwa na redio na santuri. Tunapendekeza "picha pacha". Huenda ikasemwa kuwa pacha ni nakala. La hasha! Pacha hufanana, lakini kila mmoja ni mtu mbali. Na katika picha hizi, tofauti hiyo ndogo ndiyo izaayo kina.

Ya pili ni "filamu hasi" na "filamu chanya", maneno ya hisabati. Asikiaye "hasi" hudhani filamu ni mbovu. "Negativu" na "slaidi" yanatosha: negativu hugeuza mwanga kuwa giza, hivyo huhitaji kuchapwa, slaidi yenyewe ndiyo picha. Kukopa si aibu. Kariakoo yenyewe ni jina lililotoholewa kutokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza.

Ya tatu, iliyo nzito zaidi, ni "kusafisha". Katika studio za Kariakoo, kusafisha picha kulianzia kwenye kuiosha filamu katika dawa. Leo hata picha ya simu inayochapwa kwa mashine huambiwa "inasafishwa". Kwa mwenye simu hapana madhara. Kwa mwenye slaidi yapo. Slaidi husafishwa kwa dawa za E-6, zilizoanza mwaka 1976, na negativu ya rangi kwa dawa za C-41. Slaidi ikitiwa katika C-41 hutoka negativu, wala hairudishiki. Kodachrome ilikuwa na dawa zake pekee. Ilikoma kutengenezwa mwaka 2009, na anayeanza asiinunue. Ektachrome E100, iliyorejea sokoni mwaka 2018, hutumia E-6.

Kwa hiyo twaonelea "kusafisha filamu" itumike kwa kazi ya dawa, na "kuchapa picha" kwa kazi ya karatasi. Mwenye slaidi hana budi kutaja na dawa. Istilahi moja ikibebeshwa kazi mbili, hasara humwangukia mwananchi aliyeiamini.