Heko kwa Maafisa Utumishi

Katika halmashauri za Tanzania, mwalimu mpya huripoti kwa afisa utumishi. Vyeti vyake hukaguliwa, jalada hufunguliwa na taarifa zake huingizwa kwenye mfumo wa mishahara. Tarakimu moja ya akaunti ya benki ikikosewa, mwisho wa mwezi hapati kitu.

Kazi hii hulaumiwa sana na kushukuriwa kidogo. Kupanda daraja kukichelewa au malimbikizo ya mshahara yakikwama, mlango wa afisa utumishi haufungwi. Likizo ikiidhinishwa kwa wakati, nani hurudi kusema ahsante? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi siku 28 za likizo ya mwaka, na mama aliyejifungua siku 84, au 100 akipata zaidi ya mtoto mmoja. Lazima awepo mtu wa kuzihesabu siku hizo, na pengine wa kumwambia bosi “hapana”.

Kukagua vyeti nako si jambo dogo: uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma wa 2017 uliwabaini watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi.

Siku hizi kazi nyingi zimehamia kwenye kompyuta. Ajira za serikali huombwa kupitia Ajira Portal, likizo na uhamisho kupitia ESS, mfumo wa mtumishi kujihudumia, na katika kupima utendaji kazi PEPMIS imechukua nafasi ya OPRAS, ambayo fomu zake (tusidanganyane) wengi walizijaza ili kutimiza wajibu tu. Lakini mwalimu anayeomba uhamisho akamuuguze mzazi bado hutafuta mtu wa kumsikiliza. Waajiri wawape maafisa utumishi mafunzo na mtandao wa uhakika. Nasi watumishi tuwapelekee nyaraka kamili, mapema.