Jina Bila Mwenyewe: Uhakiki wa Kanga katika Maonyesho ya Ng'ambo

Utangulizi

Nguo za Afrika zimesafiri sana katika miaka hii. Mwaka 2013 British Museum mjini London ilifanya maonyesho yaliyoitwa Social Fabric, chini ya usimamizi wa Chris Spring, kuhusu nguo za mashariki na kusini mwa Afrika. Baadaye yalizungushwa katika miji mingine ya Uingereza. Kati ya mwaka 2017 na 2019 maonyesho ya World on the Horizon, yaliyoandaliwa na Prita Meier na Allyson Purpura juu ya sanaa za Waswahili katika Bahari ya Hindi, yalianzia Krannert Art Museum, Illinois, yakaenda Washington, kisha Los Angeles. Baadhi ya vitu vilivyoonyeshwa humo viliazimwa kutoka Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na vingine kutoka Oman. Mwaka 2022 Victoria and Albert Museum ya London ilifungua Africa Fashion, ambayo mwaka uliofuata ilivuka bahari hadi Brooklyn.

Maonyesho haya yamepokewa kwa furaha, na ni haki yapokewe hivyo. Kwa muda mrefu majumba ya aina hii yaliipa sanaa ya kuchonga nafasi ya mbele, na nguo, ambayo ni kitu cha kila siku na aghalabu ni mali ya wanawake, ikabaki nyuma. Makala haya hayakusudii kuibeza kazi hiyo. Lakini wasomaji wa jarida hili ni watu wa lugha, na kanga, au leso kama tuiitavyo Mombasa, ni nguo yenye lugha. Kwa hiyo yatupasa kuuliza swali ambalo mhakiki wa nguo halazimiki kuliuliza: je, maneno ya kanga yanapotundikwa ukutani, bado ni maneno yale yale? Rai yangu ni kwamba mara nyingi siyo, na kwamba kosa hilo halikuanzia ng'ambo.

Tafsiri Niliyoitoa

Nilipokuwa nikisomea shahada ya pili ng'ambo, jumba dogo la makumbusho la mji ule liliandaa maonyesho ya nguo za mataifa. Msimamizi wake, aliposikia kuwa chuoni yuko mwanafunzi Mswahili, aliniomba nimsaidie kuandika kadi ya maelezo ya kanga. Kanga yenyewe ilikuwa moja tu. Ilikuwa imetengwa na mwenzake, imepigwa pasi, na kubanwa ukutani juu zaidi ya kimo cha mtu. Jina lake lilikuwa: MDHANIAYE SIYE KUMBE NDIYE. Nilitakiwa kutoa maana yake kwa maneno yasiyozidi ishirini. Nikalitafsiri kwa Kiingereza, nikaongeza kwamba msemo huu hufunza watu wasimdharau mtu kwa kumtazama tu. Kadi ikachapwa, nami nikaipiga picha kwa fahari.

Niliporudi nyumbani nilimwonyesha shangazi yangu picha ile, nikamweleza na yale niliyoyaandika. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mwanangu, aliivaa nani, na alipita mbele ya nani?" Nikamjibu kwamba sijui. Akasema, "Basi hujaisoma. Umesoma nguo ya dukani."

Sijapata kusikia uhakiki wa kadi ile ulio mfupi na wa haki kuliko huo. Hebu tulitazame jina lenyewe. Nguzo zake ni "siye" na "ndiye", na yote mawili yamesimama juu ya kiambishi -ye, ambacho ni cha mtu yeyote: mume au mke, kijana au mzee, aliyepo au asiyekuwepo. Kiswahili hakimlazimishi msemaji kutaja jinsia. Kiingereza kilinilazimisha, nami bila kufikiri nikachagua ya kiume. Kwa neno moja dogo nikawa nimewafukuza wanawake katika nguo ya wanawake.

Tena ziko njia nyingi za kulivaa jina hilo. Mke akilivaa mbele ya jirani anayemshuku kuwa na uhusiano na mumewe, ni shtaka. Jirani naye akilivaa mbele ya mke huyo, ni majigambo. Bi harusi ambaye mawifi zake walidhani hatachaguliwa akilivaa, ni ushindi. Mume akimletea mkewe kanga hiyo baada ya ugomvi, huenda ikawa ni mapenzi. Shtaka, majigambo, ushindi na mapenzi: mimi niliyaacha yote manne, nikaandika la tano ambalo halikuwa na mtu.

Kanga Kama Kazi ya Fasihi

Kila mmoja wetu anajua kuwa kanga ina sehemu tatu: pindo linaloizunguka, mji ulio katikati, na jina lililoandikwa upande wa chini wa mji. Huuzwa kwa doti, yaani vipande viwili vya sura moja ambavyo havijatenganishwa, kila kimoja kikiwa na kiasi cha sentimita 150 kwa 110. Mnunuzi huvikata na kuvipinda. Kimoja hufungwa kiunoni au kifuani, na cha pili hutandwa kichwani na mabegani. Kwa hiyo jina huonekana mara mbili. Hujikunja, hufichika nusu, na hujitokeza mvaaji anapogeuka. Mara nyingi hukaa upande wa nyuma, ambako mvaaji mwenyewe hawezi kulisoma. Msomaji wake ni yule aliyepitwa. Ukutani mambo haya yote hugeuzwa: kipande ni kimoja, kimenyooshwa, na kinasomwa mara moja na kila mtu, yaani hakisomwi na mtu maalum.

Historia yake nayo yafaa kukumbukwa, ili tusije tukadhani kwamba kanga ilikuwa safi nyumbani ikaharibiwa na safari. Neno leso lenyewe limetokana na Kireno. Nguo hii ilizaliwa katika nusu ya pili ya karne ya 19, wanawake wa pwani walipoanza kuunganisha leso ndogo za dukani kuwa vazi moja. Mombasa mfanyabiashara Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana kwa jina la Abdulla, alianza biashara yake mwaka 1887, na alama ya "Mali ya Abdulla" ikawa mashuhuri. Maandishi yalikuwa kwanza ya hati za Kiarabu, baadaye yakawa ya hati za Kirumi. Kwa miaka mingi kanga zilichapwa Uholanzi, Uingereza, India na Japani kwa kufuata mahitaji ya wanawake wa pwani, kabla ya viwanda vya Afrika ya Mashariki kuanza kuzitengeneza. Kanga basi imekuwa msafiri tangu kuzaliwa kwake. Safari za kwanza zilikuwa za kumwendea mvaaji. Hii ya sasa yamwondokea.

Katika nguo yenye alama ya Abdulla, mwenye biashara anajulikana. Mtunzi wa jina hajulikani. Hapa ndipo ulipo upekee wa fasihi hii. Mtungaji wa kwanza husahauliwa. Mwenye duka hulichagua jina kwa kuwa litauzika. Mnunuzi hulichagua mara ya pili, pengine si kwa ajili yake bali kwa ajili ya kumpa mtu. Mvaaji hulitunga mara ya tatu kwa kuchagua siku, mahali na njia ya kupita. Saida Yahya-Othman, katika makala yake ya mwaka 1997, ameyaangalia majina haya kama sauti ya mwanamke katika jamii ya Waswahili. Rose Marie Beck, katika kitabu chake cha Kijerumani cha mwaka 2001, ameyachunguza kama mawasiliano kamili yenye kanuni zake. Tukiwafuata wataalamu hawa, hatuna budi kukiri kwamba mtunzi wa kanga aliye muhimu kuliko wote ni yule anayeivaa.

Na mtunzi huyo ana kinga moja. Akiulizwa amemkusudia nani, hujibu kwamba ameipenda rangi. Jibu hilo si uongo mtupu. Ni sehemu ya kazi yenyewe. Fumbo lamruhusu kusema jambo ambalo akilitamka kwa kinywa litavunja nyumba au ujirani. Kadi ya maelezo inayotangaza "maana yake ni hii" humnyang'anya kinga hiyo, na badala yake haimpi kitu.

Kanga ya Hotuba na Kanga ya Fumbo

Huenda msomaji akapinga kwamba hata shairi likichapwa kitabuni huachana na mghani wake, wala hatusemi kuwa limekufa. Hoja hii ina uzito, nayo yatulazimu kupambanua. Si kanga zote zinazodhurika ukutani kwa kiasi kimoja.

Miongoni mwa kanga za British Museum imo moja ya Kitanzania ya kumpongeza Barack Obama baada ya kuchaguliwa kuwa rais wa Marekani mwaka 2008. Imeandikwa HONGERA BARACK OBAMA, na chini yake UPENDO NA AMANI AMETUJALIA MUNGU. Katika Africa Fashion nako ilikuwapo nguo ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 yenye picha ya Nelson Mandela na maneno ya kuahidi maisha bora kwa wote. Nguo kama hizi zina msemaji na msikilizaji wa wazi: umma wausemesha umma. Naziita kanga za hotuba, ingawa ile ya Mandela si kanga kwa jina. Hotuba ikibandikwa ukutani bado ni hotuba, na mgeni wa London anaweza kuielewa kwa kusaidiwa kidogo.

Kanga ya fumbo si hivyo. Imekamilika nusu tu inapotoka kiwandani, na nusu ya pili huletwa na mwili, njia na jicho la mtu wa pili. Ni kama shairi la kujibizana ambalo limehifadhiwa ubeti mmoja bila wa mpinzani. Nayo iko aina ya tatu: kisutu, nguo ya harusi ya rangi nyekundu, nyeupe na nyeusi, ambayo kwa desturi haina jina. Kisutu hunyamaza kwa sababu siku hiyo maneno yote yamekwisha kusemwa na wazee. Maonyesho yanayoziweka aina hizi tatu pamoja chini ya kichwa "nguo zinazosema" yatakuwa yamezisifu zote na kuzisoma chache.

Kuta Zetu Wenyewe

Ingekuwa rahisi kuimalizia makala hapa kwa kuwalaumu wageni. Lakini nilipoandika kadi ile sikuwa mgeni. Nilikuwa mzaliwa wa Mombasa mwenye shahada ya Kiswahili, na nilifanya kama nilivyofundishwa. Tangu shule ya sekondari nilikuwa nimezoea kuulizwa mtihanini: "Eleza maana ya methali hii." Sikupata kuulizwa ilisemwa na nani kwa nani. Vitabu vyetu vya methali hupanga misemo kwa alfabeti, huweka maana pembeni, kisha hufungwa. Navyo ni kuta. Wanafunzi wetu wakienda uwanjani hurudi na orodha ya majina mia mbili ya kanga, nasi twawapa alama nzuri kwa wingi wake. Msimamizi wa makumbusho aliyeniomba maneno ishirini hakutuharibia kazi; alituiga.

Jambo hili si dogo. Wanawake waliozivaa kanga za miaka ya 1950 na 1960 wanatutoka mmoja mmoja. Nguo zao zitabaki, kwa kuwa pamba huhifadhika na wako wanaojua kuihifadhi. Habari ya nani aliivaa mbele ya nani haihifadhiki katika kabati lolote la kioo isipokuwa imeulizwa na kuandikwa mapema. Kazi hiyo si ya wataalamu wa nyuzi na rangi. Ni yetu.

Hitimisho

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, kanga ikionyeshwa, ionyeshwe doti nzima, na ikiwezekana ivishwe sanamu ya umbo la mtu ili mtazamaji alazimike kuzunguka nyuma kulitafuta jina. Pili, kadi ya maelezo isitoe maana moja. Isimulie tukio moja la kweli, kwa ridhaa ya mhusika na bila kumtaja jina, ikiwa ni pamoja na kanga aliyojibiwa nayo. Pasipo na tukio linalojulikana, kadi iseme hivyo kwa uwazi. Tatu, idara zetu ziache kupokea orodha tupu za majina ya kanga na methali kama utafiti. Kila jina lije na maswali mawili ya shangazi yangu pamoja na majibu yake.

Kadi yangu sikuirekebisha, kwa kuwa maonyesho yalikuwa yamekwisha. Mwaka huu nimeanza kuwapa wanafunzi wangu zoezi la kwenda kwa bibi zao wakiwa na kanga moja tu, si mia mbili, na kurudi na habari zake. Wengi wamelalamika kuwa kanga moja ni kidogo mno. Waliorudi wamekuwa na mengi ya kuandika.