Modeli inayosema mafuta yamepungua, haisemi yamekwenda wapi

Chukua udongo ulioloa mafuta. Unachimba visima, unafunga pampu, unafyonza hewa iliyomo kati ya chembe za udongo. Hapo mambo mawili hutokea kwa pamoja: mvuke wa mafuta hutoka na hewa hiyo, na hewa mpya inayoingia huwapa bakteria oksijeni ya kuyala mafuta palepale ardhini.

Sasa, modeli moja rahisi inayopendwa huyatia yote mawili kwenye namba moja: mafuta hupungua kwa kiwango fulani kila siku, basi. Ugomvi wangu uko hapo. Mchoro wake unaweza kulingana vizuri na vipimo, sikatai. Lakini kulingana si kueleza. Mafuta yaliyoliwa yamekwisha. Yaliyogeuka mvuke yamehamia tu, na hewa ya pampu isipochujwa, atakayeyavuta ni jirani.

Angalia kituo cha jeshi la anga cha Hill, Utah, Marekani. Mwaka 1985 zilimwagika takriban lita 100,000 za mafuta ya ndege aina ya JP-4. Ufyonzaji ulianza 1988. Mwanzoni, hewa ikivutwa kwa kasi, mafuta mengi yalitoka kama mvuke. Baadaye kasi ikapunguzwa, udongo ukaongezewa maji, na kazi kubwa ikafanywa na bakteria. Namba moja iliyopatikana wakati wa kasi kubwa isingekuonyesha mabadiliko hayo. Pengine ingekushauri uendelee kuvuta kwa nguvu.

Njia ya kuzitenganisha hesabu hizi ipo. Zima pampu, pima oksijeni inavyoshuka ardhini, kisha toa kiasi kinachoshuka kwenye udongo usiochafuliwa wa hapo karibu, maana nako kuna viumbe wanaopumua. Mara nyingi hesabu hufanywa kwa heksani: gramu 1 hutumia kama gramu 3.5 za oksijeni. Hata hapa uwe macho, kwa sababu mafuta ya ndege si heksani tupu, na udongo ukiwa mkavu au baridi bakteria hupunguza kasi.

Kwa hiyo ukisoma ripoti ya usafishaji, usiishie kwenye asilimia iliyopungua. Uliza: kiasi gani kililiwa, kiasi gani kilitolewa hewani? Modeli isiyojibu swali hilo inafaa kuchora yaliyopita. Kuamua pampu iendeshwe vipi kesho, hapana.