Roda Mbili Juu, Nafuu Sifuri

Mliokuwepo kisimani Kasekese siku ya kushusha makalvati mliona nilichoona: kalvati la kwanza liliporomoka, likagonga ukuta wa kisima na kumeguka mdomo. Wengi mmemlaumu kijana aliyeteleza mwishoni mwa mstari wa wavutaji. Kijana hana kosa. Kosa lilifanyika nusu saa kabla, fundi alipochukua roda ya pili na kuifunga kwenye boriti, ubavuni mwa ile ya kwanza.

Tubaki hapo hapo kwanza. Fundi ana roda mbili na kamba ya mita 30. Kisima kina mita 9. Anazifunga zote mbili juu, kisha anawaambia wavutaji kwamba zitagawana uzito. Zitagawana nini? Roda iliyofungwa boritini ni roda tuli. Kazi yake ni kugeuza upande wa nguvu: wewe unavuta chini, mzigo unapanda. Ziwe mbili au kumi, manufaa ya kimakanika hayavuki 1, na kila gurudumu unaloongeza linakudai msuguano wake.

Tupige hesabu. Kalvati lenye kipenyo cha ndani cha mita 1, unene wa sentimita 7 na kimo cha nusu mita lina kilo 280 hivi. Ili kuling'oa kwenye magogo kabla ya kulishusha, vijana wanane waliokuwa wakivuta walibeba kilo 280 zote, msuguano ukiwa juu yake. Boriti ikabeba maradufu: 280 za mzigo na 280 za mvuto wao, jumla 560.

Roda ya pili ilitakiwa kwenda kwenye mzigo. Ncha ya kamba ifungwe boritini, kamba ishuke, ipite chini ya roda iliyoshikizwa kalvati, ipande hadi roda ya juu, ndipo iwafikie wavutaji. Hapo kalvati linaning'inia kwenye kamba mbili, kila moja ikichukua 140. Vijana wanashika 140 tu, na boriti nayo inapata ahueni: 420 badala ya 560. Malipo yake ni mwendo: kila mita ya kushuka inataka mita mbili za kuachia. Kwa kisima kile ni mita 18. Asiniambie mtu kamba haikutosha, rundo lake lilikuwa miguuni mwa fundi.

Boriti ilisimikwa vizuri na mafundo yalikaza. Hapo sina neno.

Tatizo letu ni hili: tunahesabu magurudumu badala ya kuhesabu kamba zinazobeba mzigo. Ugonjwa huu tumeutoa darasani. Mwalimu anachora roda ubaoni, mwanafunzi anakariri "roda tuli, roda mwendo", anafaulu, na hajawahi kushika kamba hata siku moja.

Mabaharia wa majahazi hawakukariri. Foromali la jahazi ni mti mzito unaoshikilia tanga, na tanga likilowa ndiyo balaa. Walilipandisha kwa kamba nene iitwayo henza, na kwenye ncha ya henza wakafunga gofia, roda inayotembea na kamba. Kamba ya pili, jarari, ikapita kati ya gofia na abedari, roda iliyo chini, mara kadhaa, mpaka watu wachache wakatosha. Hakuna nahodha aliyezipachika zote mlingotini na kungoja muujiza. Hata huku kwetu Mpanda, mzee mmoja wa maduara ya dhahabu niliyemfahamu utotoni alikuwa na swali moja tu kwa kila aliyemletea roda: "Inatembea au imekaa?" Ikiwa imekaa, alikwambia uongeze watu.

Makalvati manne bado yako juu, kando ya shimo. Fundi, panda ngazi, fungua roda moja, ifunge kwenye mzigo. Ni kazi ya dakika kumi.